Ngedere Waliochoma Mahindi ya Mungu

Enzi zetu, ukitaka kujua kama mahindi mabichi yameiva Katumba, hukuwa na haja ya kuuliza mkulima. Ulitazama tu watoto wa Sunday School wanavyomeza mate. Tulipita kando ya mashamba tukienda shule, fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, macho yote yakiwa kwenye mahindi. Ndevu za hindi zikigeuka kutoka njano kuwa kahawia, habari ilifika darasani kabla ya kengele.

Nazungumzia miaka ya tisini. Mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa, tulikuwa Rukwa, na Mpanda ulikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, kwa sababu hatukuwa tumeona mwingine. Wazazi wetu walikuja Katumba kama wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa msitu wakaugeuza mashamba ya mahindi, maharage na tumbaku. Sisi tulizaliwa hapo hapo. Nyumbani tulisema Kirundi, shuleni Kiswahili, na kanisani vyote viwili, kutegemea kama mtu anaomba au anatoa matangazo.

Masika ilikuwa sikukuu ya miezi mitano. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi tunakimbilia porini kuokota uyoga, mkubwa kama sahani, Mama anaupika kwa mawese mpaka harufu inawaita majirani. Jioni tunacheza rede kwenye uwanja wa kanisa, mpira wenyewe soksi iliyojazwa matambara. Mtoto wa siku hizi akikosa chaji anasema hana la kufanya. Sisi tulikosa umeme wenyewe, na bado siku haikututosha!

Lakini jambo lililotuwasha kuliko yote lilikuwa mstari wa Mungu. Wa rika langu mliokulia kule najua mmeshaanza kucheka. Kwa wasioujua, nitaueleza kwa mpangilio.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikishuka, kila mtoto wa Sunday School alipewa na wazazi wake mstari mmoja shambani, mashimo ishirini. Alipanda mwenyewe, akapalilia mwenyewe. Mahindi ya mstari huo yalikuwa malimbuko, yaani mazao ya kwanza, na yalipelekwa kanisani Jumapili maalumu mwezi Machi. Sheria ilikuwa moja tu, lakini ilibana nyumba nzima: mpaka mstari wa Mungu uvunwe na kuombewa, hakuna anayekula hata punje ya hindi bichi kutoka shamba lile. Baba hali. Mgeni hapewi. Mtoto mchanga akilia, atapewa uji wa mahindi ya mwaka jana.

Mwalimu wetu wa Sunday School aliitwa Perusi. Mama mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na daftari lenye jina la kila mtoto na kila mstari. Alikuwa akipita mashambani kwa miguu kutukagua. Akikuta magugu, hasemi neno. Anaandika tu, na kalamu ile ilituuma kuliko fimbo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi. Data, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kirundi, alinipa mstari uliopita juu ya kichuguu cha zamani. Kila mkulima anajua udongo wa kichuguu ulivyo. Mahindi mengine shambani yalinifika mabegani, yangu yalikuwa yamempita Data kichwa! Mwisho wa Februari shamba zima lilikuwa bado na ndevu za njano, na mahindi ya Mungu peke yake yalikuwa yameiva, manono, yameinama kana kwamba yananisalimia. Kaka yangu Ezekieli, aliyenizidi miaka miwili, alisema, "Mungu naye ana bahati. Amepewa kichuguu."

"Funga mdomo," Mama akamjibu, lakini nilimwona akigeuka ili tusione anacheka.

Na mwaka huo kulikuwa na kubwa zaidi. Kwaya yetu ya watoto ilialikwa kuimba Mpanda! Kanisa moja la mjini lilikuwa na kipaza sauti, na Mwalimu Perusi alituambia sauti ikiingia pale inatoka kubwa mara kumi. Usiku hatukulala tukijaribu kuimba ndani ya debe tuone itakuwaje. Lori lilikuwa limepatikana, la mfanyabiashara mmoja aliyeleta mbolea. Mama alinishonea sketi ya bluu, na Ezekieli, mpiga ngoma wa kwaya, alipewa suruali ya Data iliyokatwa miguu. Alilala nayo.

Lazima nieleze jambo moja, maana vijana hawaamini. Siku hizo mtu wa Katumba hakutoka tu makazini akaenda Mpanda. Ilibidi awe na kibali. Majina ya wanakwaya yalipelekwa ofisini Jumatatu baada ya malimbuko, na safari ilikuwa Jumamosi yake. Jina likishapelekwa limepelekwa, na lisilokuwemo halipandi lori. Leo mwanangu mkubwa, aliyebaki Katumba, anakwenda Mpanda na kurudi kwa bodaboda kununua vifaranga, na njiani analalamika vumbi.

Sasa nifike Jumatano ya wiki ya malimbuko.

Ilikuwa zamu ya Ezekieli kulinda ngedere. Wale nyani wadogo walikuwa wezi wa kazi yao, wakiingia shambani kundi zima hawabakizi kitu. Mlinzi alikaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, akipiga debe kila baada ya muda. Mchana Mama alinituma nimpelekee chakula, nikaenda na rafiki yangu Leya, binti wa jirani, aliyekuwa na meno ya mbele makubwa na maswali mengi.

Tulimkuta Ezekieli amelala chali juu ya dungu, mdomo wazi, debe limekumbatiwa kama mtoto. Jua lilikuwa kali, shamba limenyamaza. Tuliweka bakuli chini ya dungu tukaenda kuutazama mstari wangu. Kuutazama tu. Nilikuwa naupenda, mtaniamini.

"Huu si umepanda wewe?" Leya akauliza.

"Nimepanda mimi. Ni wa Mungu."

"Mashimo ishirini?"

"Ishirini."

"Na yeye anakaa peke yake?"

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo. Na nilipokuwa bado nacheka, mkono wangu ulikuwa umeshashika hindi. Lilikatika kwa mlio mdogo, tik! Leya akakata la pili. Nyuma ya kichuguu palikuwa na makaa ambayo Ezekieli alikuwa ameyawasha asubuhi kufukuza mbu. Tulichoma, tukala tukiwa tumechuchumaa, moto unatuunguza ndimi, na sitawadanganya: lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu mpaka punje ya mwisho, kisha tumbo likawa kama limemeza jiwe.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ni watoto wa Katumba tu wangelifanya. Tulikuwa tumelelewa kufagia. Shuleni tulifagia, kanisani tulifagia, uani kila asubuhi. Basi tukakusanya maganda yote, tukaokota ndevu moja moja, tukachimba kwenye majivu, tukafukia maganda na magunzi, na juu yake tukasawazisha kwa tawi. Pakawa pasafi kama sebule ya mchungaji.

Kisha nikakimbia hadi dungu nikapiga kelele, "Eze! Amka! Ngedere! Ngedere wameingia!"

Mungu wangu, mngemwona! Aliruka toka juu bila ngazi, debe mkononi, akakimbia hadi mwisho wa shamba akipiga na kutukana, akarusha mawe kwenye miti isiyokuwa na kitu, akarudi anahema kama ng'ombe wa plau. "Nimewafukuza," akasema.

Jioni Data aliuliza habari za shamba. Ezekieli, kwa kuogopa kusema alilala, akaanza, "Walikuja ngedere, Data. Kama kumi hivi. Dume lao lilikuwa na mkia," akanyoosha mikono yote miwili, "mpaka hapa! Walichukua mahindi mawili ya Gene." Gene ndiye mimi, Generoza. Data akanigeukia. "Wewe uliwaona?"

"Niliwaona," nikasema.

Data alikuwa mtu wa maneno machache, na mzee wa kanisa. Kesho yake alfajiri alikwenda shambani peke yake. Aliporudi alikuwa na jani la mgomba mkononi, na ndani yake magunzi mawili meusi ya kuchomwa. Aliyaweka mbele ya Ezekieli taratibu.

"Ngedere kumi," akasema. "Hawakuvunja bua. Hawakuangusha jani. Wamewasha moto, wamekaa chini, wamekula, wamefukia, na wamefagia. Mwanangu, ngedere hawa wamesoma mpaka darasa la ngapi?"

Mama alitaka kucheka akashindwa. Ezekieli aliyagusa magunzi kwa kidole. Angesema nini? Ngedere ameshawaona, mkia ameshaupima. Alisema tu, "Sikula, Data. Kweli sikula."

"Umekula cha Mungu, umeongeza uongo, na umemfanya mdogo wako akutetee. Jumapili jioni nitamwambia Perusi alitoe jina lako. Huendi Mpanda."

Ezekieli hakulia mbele yetu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaikunja ile suruali iliyokatwa, akairudisha kwa Mama.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu hizo sizisahau. Kila mahali kulikuwa na shangwe. Kwaya inafanya mazoezi, wasichana wanafundishana jinsi ya kusimama mbele ya kipaza sauti, Leya anauliza kama Mpanda soda ni baridi kweli. Ezekieli hakuonekana mazoezini, ngoma akapewa mtoto mwingine, akaipiga kama anatwanga kisamvu. Ijumaa Ezekieli alinifuata mtoni. "Gene, uliwaona kweli? Maana mimi sikuwaona."

Nikainamia ndoo yangu. "Niliwaona."

Na kilichonimaliza ni hiki: mimi ndiye niliyechaguliwa kusema mstari wa Biblia wa kukariri siku ya malimbuko, na mstari wenyewe ulihusu utii. Mwalimu Perusi alikuwa ametusimulia kisa cha mfalme aliyeamriwa na Mungu asibakize kitu cha maadui zake, akabakiza kondoo wanono, akasema ni wa sadaka. Tulikipenda kile kisa, tulikuwa tukilia kama kondoo darasa zima, meee! Halafu akatunyamazisha na kusema, "Watoto wangu, nyie mtanitii mimi kwa sababu nina daftari. Mungu mtiini hata siku mlinzi amelala." Hakujua alikuwa anasema nini. Au labda alijua, sijawahi kumuuliza.

Jumapili ikafika. Mwaka mzima hakuna siku iliyopendeza kama ile! Watoto tulipanga foleni toka barabarani, kila mmoja na kikapu cha mahindi kichwani, majani yakining'inia usoni, ngoma mbele, wamama wakipiga vigelegele mpaka ndege wanahama miti. Ndani kulinukia mahindi mabichi, jasho na sabuni ya mche. Kikapu changu kilikuwa na mahindi kumi na nane. Ezekieli alikaa nyuma kabisa na watu wazima.

Niliitwa mbele. Sketi ya bluu, miguu imepakwa mafuta. Nikaanza mstari kwa sauti kubwa kama nilivyofundishwa, nikafika kwenye neno "kutii", na sauti ikakatika. Nikaanza tena. Ikakatika pale pale. Mwalimu Perusi akaninong'oneza neno linalofuata, akidhani nimesahau.

"Sijasahau," nikasema, na kanisa zima likasikia. "Hakukuwa na ngedere. Ni mimi nimekula. Mawili. Eze hakula."

Sikumtaja Leya, lakini nilisikia kilio kutoka kwenye benchi la tatu: "Moja ni mimiii!"

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Nilitazama miguu yangu inayong'aa, nikawaza jina langu limeshatoka kwenye kibali, na cha ajabu ni kwamba lile jiwe la tumboni halikuwepo tena. Lilikuwa limeondoka! Ningeweza kuruka.

Data alisimama mahali pake. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma. "Ezekieli."

"Naam, Data."

"Wale ngedere kumi?"

"Nilikuwa nimelala, Data."

"Na mkia?"

"Niliukadiria."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mchungaji alishika mimbari asianguke. Wazee walipigana migongo. Lakini Data hakucheka, na mimi nilibaki na kikapu changu, nikijua hakifai tena. Nilikishusha nikataka kukirudisha mlangoni. Mchungaji akanizuia. Alikichukua mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka pamoja na vingine, akaomba kwa ajili ya vyote bila kukitaja changu.

Tulipotoka nje, Data alisimama na Mwalimu Perusi, daftari likiwa wazi kati yao.

"Mwalimu, jina la Ezekieli libaki. Ameshaadhibiwa siku tatu kwa kosa lisilo lake, na hilo linatosha kwa lile lililo lake."

"Na la Gene?" Mwalimu Perusi akauliza. Alisema polepole, akitumaini. Mimi ndiye niliyeshika sauti ya kwanza.

Data alinitazama. "Gene atabaki na mimi."

Sikubisha. Mama Leya naye aliamua hivyo hivyo, na Leya aliangua kilio kipya.

Jumamosi lori lilikuja na jua la asubuhi. Watoto walipanda wakiimba, Ezekieli juu na ngoma yake na ile suruali. Lilipoanza kuondoka nilijikuta nakimbia pembeni yake, peku, nikiimba sauti ya kwanza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuishika. Ezekieli alinipigia ngoma akicheka. Nilikimbia hadi daraja la kwanza, vumbi likanifunika, na niliendelea kuimba hata baada ya lori kupotea.

Niliporudi, Data alikuwa nyuma ya kichuguu anapuliza makaa. Shamba lilikuwa limefunguliwa sasa. Alikuwa amechuma mahindi mawili, akachoma, akanipa lililoiva vizuri. Tulikula tumechuchumaa, pale pale. "Usifukie," akasema tulipomaliza, na hapo ndipo hatimaye alipocheka, mpaka machozi.

Sasa naishi Mpanda mjini. Mahindi ya kuchoma yapo stendi karibu mwaka mzima, na mdomo wangu haujui tena ni msimu gani. Katumba watu wengi wamepata uraia, na kibali cha kutoka kimekuwa hadithi ya kuchekesha wajukuu. Malimbuko bado tunatoa, lakini mengi hutumwa kwa simu, na simu hainukii. Watoto wa kwaya wanarekodi video kabla hawajajua sauti ya pili ni ipi. Wanaimba vizuri, nisiwaonee. Vipaza sauti wanavyo vinne.

Hivi karibuni nilimsimulia mwanangu wa mwisho kisa hiki, naye ana miaka kumi. Alisikiliza vizuri. Alicheka kwenye mkia, akacheka kwenye "moja ni mimi". Kisha akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Kwa hiyo Mpanda hukwenda?"

"Sikwenda."

"Lakini Mama, si ungenyamaza tu? Kulikuwa na kamera? Nani angejua?"

Sikumkasirikia. Shuleni kwao zimefungwa kamera kila korido, na amekua akijua zilipo na zinapoishia. Sisi hatukuwa malaika, nimeshawaeleza mwenyewe. Tuliiba, tukadanganya, tukafagia. Lakini swali lake lile la nani angejua, katika siku tatu zile zote za mateso, halikunijia hata mara moja.